Maisha ya Bibi Mary Ainsworth, Mpimaji wa Mapenzi ya Watoto

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kukuta katika ukurasa huu maisha ya wafalme, wapigania uhuru na watu waliovumbua mitambo. Muhula huu nimemwomba Mhariri anipe nafasi nieleze habari za mwanamke mmoja ambaye hakutawala nchi wala hakuvumbua mtambo wowote. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa katika nyumba za watu na kuandika katika daftari jinsi mtoto mchanga anavyolia, na jinsi anavyonyamaza. Kazi hiyo aliianza kwa majirani zetu wa Buganda, mahali ambapo mtu akiondoka Izimbya alfajiri na kupita Mutukula aweza kufika siku ileile.

Sababu ya kuandika ni hii. Baada ya likizo iliyopita mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia ofisini akiwa na karatasi. Alikuwa amejibu maswali 20 katika simu ya ndugu yake, na simu ikamwambia kwamba yeye ni mtu asiyeweza kumtegemea mwenzake, kwa kuwa hakulelewa na mama yake. Maneno hayo aliyanakili kwa kalamu, neno kwa neno. Akataka kujua kama kipimo kile ni cha kweli, maana yeye amelelewa na bibi.

Sikuweza kumjibu upesi. Sisi wa Kagera twaijua habari ya watoto wa mabibi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watoto wengi walibaki mikononi mwa wazee. Mimi ni mmoja wao. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma ukurasa mmoja na nusu juu ya kipimo cha Bibi Ainsworth na mafungu yake matatu ya watoto. Usiku ule nilijitafuta katika mafungu hayo, nikajiweka mwenyewe katika fungu lisilopendeza. Ikapita miaka mingi ndipo nikapata kusoma maisha ya mwenye kipimo, nikaona kwamba ukurasa ule ulikuwa umeacha karibu habari yote.

Basi, Mary Salter alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 katika mji wa Glendale, jimbo la Ohio, Marekani, akiwa wa kwanza katika mabinti watatu. Mwaka 1918 wazazi wake walihamia Toronto, Kanada, na huko ndiko alikokulia. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alisoma kitabu cha Bwana William McDougall juu ya tabia za watu, akashangaa kuona kwamba mtu aweza kutafuta ndani ya nafsi yake mwenyewe sababu za mambo ayatendayo. Akaingia Chuo Kikuu cha Toronto, na mwaka 1939 akapata shahada ya udaktari katika elimu ya nafsi, ambayo siku hizi twaiita saikolojia.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Bwana William Blatz. Huyu alifundisha kwamba mtoto mdogo huthubutu kwenda kuuchungua ulimwengu endapo ana mtu wa kumkimbilia akiogopa. Mtu huyo ni kama nguzo ya nyumba: mtoto huondoka hapo, hutembea, hutazama vitu, kisha hurudi. Mawazo hayo Mary aliyashika maisha yake yote. Kazi yake ya udaktari ilikuwa kutengeneza orodha za maswali ya kupima kiasi ambacho mtu mzima anajiona salama katika maisha. Kwa hiyo yeye naye alianza kwa maswali ya karatasi, kama yale ya simu ya mwanafunzi wangu, ingawa yake yalitungwa kwa uangalifu mwingi zaidi.

Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, aliingia jeshi la wanawake la Kanada, na vita vilipokwisha alikuwa na cheo cha Meja. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwachagua watu. Kila askari mpya alikuja mbele ya mpimaji, akafanya majaribio, akaulizwa habari za maisha yake, kisha ikaandikwa kazi inayomfaa. Hapo twaona matumizi ya kwanza ya vipimo vya namna hii. Jeshi lina watu wengi na muda mchache, nalo halitaki kumweka mtu jikoni ikiwa anafaa kutengeneza redio. Lakini twaona pia hatari yake, kwa maana saa moja mbele ya meza yaweza kuamua miaka ya mtu, na mwenye kupimwa haoni kilichoandikwa.

Vita vilipokwisha alirudi Toronto kufundisha, na kwa kuwa somo alilopewa lilikuwa juu ya upimaji wa tabia, alijifunza kipimo cha madoa ya wino. Kipimo hicho kilitolewa mwaka 1921 na Bwana Hermann Rorschach, daktari wa Uswisi. Zipo kadi 10 zenye madoa, na mtu huulizwa aona nini humo. Mmoja aona popo, mwingine aona watu wawili wakicheza ngoma. Mpimaji hutafuta maana katika majibu hayo. Bibi Mary akawa bingwa wa kipimo hicho, hata akashirikiana na Bwana Bruno Klopfer na wengine kuandika kitabu kikubwa juu yake, kilichotoka mwaka 1954. Nataja jambo hili kwa sababu watu husema kwamba wanaopendelea kukaa na kutazama ni wale wasiojua vipimo. Yeye alivijua vyote, vya karatasi, vya jeshi na vya wino, kabla ya kuamua kwenda kukaa na kutazama.

Mwaka 1950 aliolewa na Bwana Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko alijibu tangazo la kazi katika gazeti, akajikuta kwa Daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza madhara ya kumtenga mtoto mdogo na mama yake. Mwaka 1951 Daktari Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa juu ya jambo hilo, na katika nchi nyingi watu wakaanza kuhofu juu ya kila mtoto aliye mbali na mama. Mwenzao mwingine, Bwana James Robertson, alikuwa akienda hospitali kuwatazama watoto waliolazwa bila wazazi, akiandika kila alichokiona bila haraka ya kukifasiri. Bibi Ainsworth alipewa madaftari yake ayapange. Akajiahidi kwamba siku atakapofanya uchunguzi wake mwenyewe, atautenda kwa njia hiyo.

Siku hiyo ilikuja upesi kuliko alivyofikiri. Mumewe alipata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii iliyokuwa Makerere, na mwanzoni mwa 1954 wakafika Kampala.

Walifika wakati mbaya. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alikuwa amemfukuza Kabaka Mutesa II na kumpeleka Uingereza, na Buganda yote ilikuwa katika huzuni na hasira. Tena Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuonja upimaji mwingine. Katika Kenya, miaka ya 1930, daktari mmoja Mzungu, H. L. Gordon, alihubiri kwamba ubongo wa Mwafrika haukui kama wa Mzungu. Bwana F. W. Vint alipima mabongo katika maabara ya Nairobi, na hesabu zake zikashikwa kuwa ushahidi. Wenye mabongo hayo hawakuombwa ruhusa. Walikuwa wamekwisha kufa. Nadhani kila mwanafunzi apendaye hesabu za takwimu angefaa kuijua habari ya mizani ile ya Nairobi. Mizani yenyewe haikuwa na kosa.

Sasa tazama jinsi Bibi Ainsworth alivyoingia vijijini. Alitafuta mama wenye watoto wasioachishwa ziwa katika vijiji vya karibu na Kampala, akawaeleza kwamba ataka kujifunza kwao jinsi wanavyolea. Hakuwapa fedha. Aliwasaidia kwa vitu ambavyo mama mwenye mtoto avihitaji, kama vile kuwapeleka kliniki kwa gari na kuwapatia maziwa ya unga. Wakakubali mama 26, wenye watoto 28. Kila baada ya majuma mawili alikwenda kwa kila mmoja, akakaa muda wa saa mbili hivi, pamoja na mwanamke Mganda aliyemfasiria. Alikwenda alasiri, kwa kuwa ndiyo saa ambayo mama wa Kiganda hupokea wageni. Jambo hilo laonekana dogo, lakini Mhaya yeyote asomaye hapa ajua tofauti kati ya mgeni ajaye alasiri, kazi za shamba zikiwa zimekwisha, na mtu akuingiliaye asubuhi ukiwa na jembe mkononi. Watoto wengine aliwatazama hivyo hata miezi tisa.

Alikuja na swali lake kutoka London. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi au kwa jamaa mwingine, akataka kuona mtoto anavyoumia. Lakini alipofika alikuta kwamba desturi hiyo imekwisha kupungua sana, na wengi wa wale mama hawakumpeleka mtoto popote. Mchunguzi mwingine angalifunga mizigo, au angalilazimisha majibu yafuate swali. Yeye aliliacha swali lake, akatazama kilichokuwapo.

Naye aliona mengi. Aliona mtoto akitambaa kumwacha mama, akafika mlangoni, akageuka kumtazama, akaendelea. Aliona mtoto akibebwa na shangazi hulia tofauti na anavyolia mikononi mwa mama. Aliona mama akirudi kutoka shambani watoto wakirukaruka, wakinyoosha mikono, na wengine wakipiga makofi kumpokea. Baadaye huko Marekani alikuta watoto wakiwakumbatia na kuwabusu mama zao, lakini si kupiga makofi. Mapenzi ni yaleyale, ila kila mtoto huyasema kwa desturi ya nyumba yake.

Alipozipanga habari zake alipata watoto 16 walioonekana kutulia na kumtumaini mama, 7 wenye wasiwasi, na 5 ambao bado hawakuonyesha kumshika mama kuliko watu wengine. Akatafuta sababu. Watoto waliotulia walikuwa hasa wa wale mama waliowatunza kwa wingi, waliofurahia kunyonyesha, na walioweza kumsimulia habari ndogo ndogo za mtoto: amelalaje, amekasirishwa na nini, jino lipi linatoka. Mama aliyejua kumsimulia mtoto wake ndiye aliyekuwa amemtazama. Ama jambo la kulelewa na watu wengi, mama, bibi, shangazi na dada pamoja, hakuona kwamba kwa lenyewe linamdhuru mtoto. Maneno ya namna hiyo hayakuwamo katika ukurasa wangu mmoja na nusu.

Wakati huohuo, katika Kampala ileile, daktari wa Kifaransa, Bibi Marcelle Geber, alikuwa akiwapima watoto wachanga kwa kipimo cha Bwana Arnold Gesell wa Marekani, akaona watoto wa Kiganda wanakaa na kusimama mapema kuliko wale wa Ulaya. Habari zake zilienea sana. Wengine walizifurahia, wengine wakazigeuza kuwa hoja ya rangi za watu, hata mwaka 1972 Bwana Neil Warren alipozichungua kazi za namna hiyo na kuonyesha kwamba njia za upimaji zilikuwa na kasoro nyingi. Bibi Ainsworth naye aliona wepesi wa watoto wa Buganda katika kukaa na kutambaa, lakini katika kitabu chake maelezo ya jinsi wanavyolelewa ni mengi kuliko nambari.

Walihama Kampala mwaka 1955, wakaenda Baltimore, Marekani. Ndoa yake ikavunjika mwaka 1960. Hakujaliwa mtoto, ingawa alitamani sana kuwa naye. Kitabu chake juu ya watoto wa Buganda kilitoka mwaka 1967, miaka 12 baada ya kuondoka.

Kuanzia mwaka 1963 alirudia kazi ileile kwa familia 26 za Baltimore, na safari hii kwa uangalifu zaidi. Nyumba ilitembelewa tangu mtoto akiwa na majuma machache hata atimize mwaka, na kila ziara ilichukua muda wa saa 4. Hapo ndipo alipopata shida. Buganda, mama akitoka chumbani mtoto alilia au akamfuata, na mchunguzi akaweza kuona mapenzi yake. Baltimore watoto walikuwa wamezoea mama kutoka na kuingia, hawakujali. Je, hawawapendi mama zao? Hakuamini hivyo. Akaona kwamba mtoto yule nyumbani kwake haogopi kitu, kwa hiyo hana sababu ya kuonyesha kimbilio lake ni nani.

Basi yeye na Bibi Barbara Wittig wakatunga kipimo kilichompa jina kubwa, nacho tukiite Hali Ngeni. Mtoto wa mwaka mmoja huletwa na mama yake katika chumba asichokijua, chenye vitu vya kuchezea. Huingia mgeni. Mama hutoka, hurudi. Hutoka tena, mtoto akabaki peke yake. Mgeni huja, kisha mama hurudi. Ni hatua 8, zisizozidi muda wa dakika 20 hivi, na wachunguzi hutazama kutoka upande wa pili wa kioo. Mtoto akilia sana, hatua hiyo hukatishwa. Wapo waliouliza kama ni haki kumliza mtoto kwa ajili ya elimu. Naona swali hilo ni zuri, na jibu la kwamba kilio cha dakika mbili hakizidi cha nyumbani halinitoshelezi kabisa, kwa kuwa mtoto hawezi kukubali wala kukataa.

Alidhani kilio ndicho kitakachomwonyesha jambo. Sivyo ilivyokuwa. Jambo lilionekana pale mama aliporudi. Wengi walimkimbilia, wakabebwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Wengine walimshika huku wakimpiga kwa hasira wasinyamazike. Na wengine hawakulia hata kidogo. Mama aliporudi waligeuza uso wakaendelea na vitu vyao. Mtu aliyeona dakika zile 20 tu angaliwasifu hao wa mwisho kuwa watoto hodari. Lakini Bibi Ainsworth alikuwa na madaftari ya mwaka mzima, nayo yalionyesha kwamba nyumbani watoto hao walilia mara nyingi, na mama zao walikuwa wagumu kuwapokea walipotaka kubebwa. Mwaka 1977 wachunguzi wengine, Bwana Alan Sroufe na Bwana Everett Waters, walieleza kwamba mioyo ya watoto wa namna hiyo hupiga mbio katika chumba kile, ingawa nyuso zao zimetulia.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Zile dakika 20 zilipata maana yake kutoka katika saa zipatazo 70 za kila nyumba. Bila madaftari, chumba kile kingekuwa madoa ya wino tu.

Lakini dunia ilipenda zaidi chumba, kwa kuwa ni rahisi. Kipimo kikachukuliwa huku na huko, madaftari yakaachwa. Huko Sapporo, Japani, miaka ya 1980, watoto wengi walilia kupita kiasi, kwa kuwa hawakuwa wamezoea kuachwa na mama hata kidogo. Chumba kilichotungwa kuwashtua kidogo watoto wa Baltimore kiliwatisha mno wale wa Japani. Katika mji wa Bielefeld, Ujerumani, karibu nusu waligeuza uso. Mwaka 1988 wachunguzi wawili wa Uholanzi walikusanya majibu ya vikundi 32 kutoka nchi 8, wakakuta kwamba vikundi vya nchi moja hutofautiana baina yao kuliko nchi moja na nyingine. Hata hivyo kipimo kimefika mahakamani, katika mashauri ya nani apewe mtoto, na mwaka 2021 wataalamu wengi wa elimu hii walitoa maandishi ya pamoja kuonya kwamba kinatumiwa vibaya huko. Kipimo kinachofaa kulinganisha makundi ya watoto hakitoshi kumhukumu mtoto mmoja, wala mama yake.

Bibi Ainsworth mwenyewe alisikitika kwamba watu wengi walikishika kipimo chake na wachache wakarudi majumbani. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia hata alipostaafu mwaka 1984, akafariki tarehe 21 Machi 1999, mwenye umri wa miaka 85.

Mwanafunzi wangu nilimwita tena baada ya juma moja. Nilimweleza habari hizi, pungufu ya nilivyoziandika hapa, kisha nikamwomba anisimulie juu ya bibi yake. Alianza kwa aibu. Akasema bibi yake ajua usiku ambao hakulala hata asipoambiwa. Alipokuwa mdogo, akiamka kabla ya kupambazuka alimkuta ameketi karibu naye anachagua maharage gizani kwa vidole, asiwashe taa isije ikamwamsha. Alizungumza hata kengele ya kipindi ikalia. Alipoondoka aliisahau karatasi yake, au aliiacha. Mpaka leo hajaiulizia, nami nimeiweka katika mtoto wa meza.